Pombe Iliyolazwa Chini ya Nyumba

Mimi ni mtu wa shaka, na sioni aibu kusema hivyo. Nikinunua maharage nayamimina yote kwenye ungo niyatazame, hata kama muuzaji ni ndugu yangu. Nikisikia hodi, siitiki mpaka niitambue sauti. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo, na alizeeka akiwa na meno yake yote na akili zake zote. Kwa hiyo ninaposimulia habari za lile pipa, sitaki mtu anicheke mapema. Asikilize kwanza nilichokiona, halafu ajiulize yeye angefikiri nini.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Nilikuwa nimeolewa karibuni nikaletwa Iringa, mgeni kabisa. Kwetu ni Ilomba, Mbeya, ambako baba yangu alihamia kutoka Rungwe akalima mahindi na viazi wakati pale pote palikuwa mashamba tu. Mume wangu alikuwa Mhehe wa Idodi, fundi seremala. Alikuja Mbeya kutengeneza milango ya shule, akanikuta. Baba alimpenda kwa sababu hakuwa mtu wa kujisifu. Mimi nilimpenda kwa sababu hiyo hiyo, na ni hiyo hiyo iliyokuja kuninyima usingizi baadaye, maana mtu asiyesema utajuaje anachowaza?

Alinipeleka kwenye shamba la Mwingereza mmoja, nje ya mji, juu kwenye baridi. Wote tulimwita Bwana. Alikuwa amefiwa na mkewe, hana mtoto, anaishi peke yake katika nyumba ya mawe, analima ngano, shayiri na tumbaku. Sisi tulikaa kambi ya wafanyakazi, chini kidogo ya bustani yake ya mboga. Mume wangu alitengeneza magari ya kukokotwa na ng'ombe, milango ya mabanda, na kila kitu cha mbao kilichovunjika. Kazi ilikuwa nzuri na nyumba yetu haikuvuja. Ningeweza kuishi pale kwa amani kama si kile chumba.

Chini ya nyumba ya Bwana kulikuwa na chumba kilichochimbwa ardhini. Kilikuwa na mlango mfupi wa mbao nene na kufuli kubwa, na ufunguo walikuwa nao watu wawili tu: Bwana mwenyewe na mume wangu. Mpishi hakuwa nao. Hata nyapara hakuwa nao. Nilimuuliza mume wangu mle ndani kuna nini, akasema kuna mbao. Baada ya muda nikamuuliza tena, kwa njia ya utani, akasema kuna vyombo vya Bwana. Mara ya tatu hakujibu, akaniomba chumvi. Mtu mwenye jibu moja naweza kumwamini. Mwenye majibu mawili na ukimya juu yake, huyo namwekea alama.

Halafu akaanza kunusa chakula.

Asubuhi moja nilimpa uji. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akakileta puani, akafumba macho, akavuta harufu. Akakizungusha kidogo, akanusa tena. Ndipo akanywa, na hakumeza mara moja. Aliuzungusha uji mdomoni kama mtu anayesukutua. Nilisimama na upawa mkononi nikimtazama.

"Unanusa nini?"

"Hakuna kitu. Uji una moshi."

"Nimepikia kuni. Ulitaka unukie maua?"

"Sijasema ni mbaya," akasema. "Ni moshi mzuri."

Kesho yake ikawa mchuzi. Aliunyanyua kwenye bakuli akauelekeza mlangoni kwenye mwanga, akaitazama rangi yake. Siku nyingine maji, maji matupu ya mtungi, aliyashika mdomoni mpaka nikataka kumpiga mgongoni ayameze. Naomba nieleweke. Mwanamke aliyeolewa mbali na kwao, mumewe akianza kunusa chakula chake, maana yake ni moja tu. Anadhani amewekewa kitu. Wanawake wa kambi walikuwa na hadithi nyingi za limbwata, zile dawa wanazotia wake kwenye mboga ili mume apumbae asitoke nje, na nilijua wangesema nini wakimwona mume wangu akifanya mambo yale. Niliona uchungu sana. Nilikuwa sijawahi kumwekea hata pilipili bila kumwambia, na huyu ananichunguza kama nyoka aliyeingia nyumbani.

Nikamweleza jirani yangu, Mbena mmoja, mke wa dereva wa trekta. Huyo naye alikuwa na shaka zake, ila za kwake zilikuwa zimekomaa kuliko zangu.

"Dada, wewe unahangaika na uji," aliniambia. "Swali ni lile shimo. Mzungu hana mke, hana mtoto, halafu anachimba chumba chini ya nyumba. Cha nini?"

"Kuweka vyombo."

"Vyombo vinafungwa na kufuli lile? Wewe hujasikia habari za mumiani?"

Nilikuwa nimesikia. Nani hakusikia siku zile? Mbeya na Iringa yote ilikuwa inasema kuna watu wanaokamata wenzao, wanawavuta damu, damu inawekwa mahali pa baridi mpaka itengenezwe dawa. Watu walikuwa hawapiti njia za peke yao. Lakini kusikia habari ni jambo moja, na kuambiwa kwamba mume wako ndiye anayeshika ufunguo ni jambo lingine.

"Mtazame akitoka mle," alisema jirani. "Macho yanakuwa mekundu. Na hanukii ulanzi. Ananukia nini? Sema wewe, unalala naye."

Hapo alinipata. Maana ni kweli, kuna siku mume wangu alirudi akiwa na harufu nisiyoijua. Pombe mimi naijua. Kwetu tangu msichana nimeloweka ulezi, nimeotesha kimea, nimesaga, nimepika, nimechuja. Iringa nako nilishajua ulanzi, utamu wake wa asubuhi unapotoka kwenye mwanzi, na ukali wake ukishalala ukawa mkangafu. Pombe yetu inapikwa ili inywewe na watu. Ikichelewa inakuwa siki, inamwagwa, na aliyeificha anasemwa kwa uchoyo. Harufu ya mume wangu haikuwa ya ulezi wala ya mwanzi. Ilikuwa ya sukari iliyoungua, na ya mbao mbichi, na nyuma yake kitu kama matunda yaliyosahaulika kwenye kapu.

Basi nikaenda kuona kwa macho yangu. Nyuma ya nyumba, karibu na bustani, kulikuwa na tundu la hewa lenye nondo, chini kabisa usawa wa ardhi. Nilimwona mume wangu akiingia na Bwana, mchana, watu wengine wakiwa shambani. Nikachukua kikapu, nikainama kwenye matuta kama ninayechuma mboga, nikasogea mpaka ukutani, nikachungulia.

Taa ilikuwa inawaka. Katikati ya chumba kulikuwa na pipa kubwa la mbao nyeusi, limelazwa ubavu juu ya magogo, limefungwa mikanda ya chuma. Bwana alikuwa ameketi kwenye kisanduku, na kikombe kidogo cha kioo mkononi. Mume wangu alichuchumaa mbele ya pipa akiwa na koleo. Akang'oa msumari mdogo kwenye uso wa pipa. Kikatoka kitu chembamba, kwa nguvu, kikaruka hewani. Kilikuwa chekundu cha kukoza mpaka karibu na weusi. Bwana akakikinga na kioo. Mume wangu akaurudisha msumari mahali pake, akaugonga kidogo kwa nyundo, na kile kitu kikakatika.

Nilikuwa nimewahi kumwona mganga wa hospitali akimtoa mtu damu. Ilitoka vile vile.

Bwana aliinua kioo kwenye taa, akatazama, akanusa, akagusa kidogo kwa ulimi, akampa mume wangu. Mume wangu alinusa vile vile anavyonusa uji wangu. Kisha akanywa. Akatikisa kichwa taratibu, akasema neno, na Bwana akacheka. Niliacha kikapu pale pale kwenye matuta.

Tangu siku ile sikula naye tena sahani moja. Nilichota maji yangu mwenyewe na kuyafunika. Sikumuuliza kitu, kwa sababu nilishajua angesema mbao. Nilimtafuta dereva wa lori lililokuwa likienda Mbeya na tumbaku, mtu aliyemfahamu baba yangu, nikampa ujumbe: mwambie baba aje, asipokuja nitakuja mwenyewe kwa miguu. Kwetu binti akituma maneno ya namna hiyo anamaanisha ndoa imemshinda. Na mimi ndivyo nilivyomaanisha. Nilishafunga khanga zangu kwenye shuka, tayari kurudi Ilomba.

Baba alikuja na lori lile lile, amejaa vumbi, na mkungu wa ndizi begani kama mtu aliyekuja kutembea tu. Hakuwa mtu wa haraka. Alisalimiana na mume wangu vizuri, akajaribu na "kamwene" ya Kihehe kwa lafudhi yake ya Kinyakyusa, akapokea maji, akasifu nyumba. Mume wangu aliporudi karakana, baba akanifuata jikoni, akaketi kwenye kigoda.

"Haya. Sema."

Nikasema yote. Chumba, kufuli, kunusa, msumari, kitu chekundu. Alinisikiliza huku akivunjavunja kijiti.

"Umeona damu, au umeona kitu chekundu?"

"Baba, kilichotoka kwenye lile tundu..."

"Nimekuuliza swali moja, mwanangu."

"Nimeona kitu chekundu."

"Basi sikiliza. Kama ni kweli, kesho tunaondoka wote wawili, na hapa huji tena. Kama si kweli, naondoka peke yangu. Lakini mkwe nitamsikia kwanza. Hii ndoa nilimpa mimi kwa mkono wangu, siwezi kuichukua kwa maneno ya jikoni."

Alasiri mume wangu akaitwa. Tuliketi ndani watatu, baba kwenye kiti kimoja tulichokuwa nacho, mume wangu kwenye kisanduku cha vifaa vyake, mimi kwenye mkeka karibu na mlango. Baba alimweleza bila kuzunguka. Binti anasema mle chini mnaweka damu za watu, na anasema unaogopa chakula chake. Jibu.

Mume wangu alinitazama. Nilidhani atakasirika. Alionekana kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Kisha akasimama, akaomba ruhusa, akatoka. Mimi nikawaza kwamba huyo amekimbia, na kwamba angalau mambo yamekuwa rahisi.

Alirudi na chupa ndani ya koti. Akafunga mlango, akaketi, akaanza kusema, na mimi sijawahi kumsikia akisema maneno mengi vile kwa pamoja.

Alisema mle ndani kuna pombe. Bwana anaipika mwenyewe kwa shayiri ya shamba, anaotesha kimea kama sisi tunavyootesha cha ulezi, anachemsha sana mpaka inakuwa nzito, anatia maua makavu machungu yanayotoka kwao yakiwa ndani ya mkebe. Ikishachacha hainywewi, inatiwa kwenye pipa la mti wao unaoitwa mwaloni, ambalo zamani lilikuwa na kinywaji kikali, brandi, na ukali ule umebaki kwenye mbao. Inalazwa chini ya ardhi kwa sababu huko joto la mchana halifiki, na baridi ya huku juu haiingii yote. Ilikuwa imelazwa tangu kabla hajanioa. Kila baada ya muda wanaionja kuona imefika wapi, na hawafungui pipa ili hewa isiiharibu. Wanang'oa msumari tu, wanapata kidogo, wanaurudisha.

"Kwa nini wewe?" baba akauliza. "Wazungu wenzake hawapo?"

"Alikuwa anaionja na mkewe, baba. Yule mama alipofariki, siku moja mkanda wa pipa ukalegea, akaniita niukaze. Nilipomaliza akanimiminia. Akaniuliza nasikia nini mdomoni. Nikamwambia nasikia pombe. Akasema hapana, tafuta. Tangu hapo tunatafuta."

"Na kunusa uji?"

"Alinifundisha ninuse kabla sijanywa. Ikawa mazoea. Sikujua kama ninafanya."

"Na huyu mkeo ungemwambia ungekufa?"

Mume wangu aliinamisha kichwa. Alisema Mwafrika kukutwa na kinywaji kikali cha kizungu bila kibali ilikuwa kesi, na Bwana kumpa ilikuwa kesi pia. Waliapiana kwamba haitoki mle chini. Aliogopa kazi, aliogopa polisi, na aliogopa kambi, maana wanawake wakijua, wanaume wote wangetaka kuonja.

Yalikuwa maelezo mazuri sana, na ndiyo maana sikuyaamini. Mtu ambaye hasemi, siku moja anasema yote, kwa mpangilio, kila swali lina jibu lake. Nilimtazama na kuwaza kwamba ameyatunga njiani akienda na kurudi.

Akachukua kikombe chetu cha bati, akamimina. Haikutoa povu la maana. Ilishuka polepole, nzito, na ndani ya kikombe cheupe ilikuwa na rangi ile ile niliyoiona kwenye tundu.

Hapa lazima nieleze desturi, kwa sababu ndiyo iliyotufunga. Kwa baba yangu, mkwe hakumpa mkwewe kikombe mkono kwa mkono. Ilikuwa kukosa adabu. Kikombe kilipita kwa mke. Na yule ambaye mgeni anapokea kikombe kutoka mkononi mwake, huyo huyo hukionja kwanza mbele ya macho ya mgeni, ili ionekane kwamba ndani hamna kitu. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, kwa togwa, kwa pombe ya kimpumu, kwa maziwa. Ni jambo dogo, unagusa tu kwa midomo. Mume wangu akanipa kikombe. Na baba akanitazama akisubiri.

Nikashikwa. Nikikionja, nimemwambia baba kwamba namwamini mume wangu, na kesi imekwisha. Nisipokionja, nimekataa ndoa. Na kama kweli ndani mna kitu, nitakuwa nimekipeleka kwa baba yangu kwa mkono wangu. Nilinusa. Sukari iliyoungua, mbao, matunda. Nikaona msumari, nikaona ule mruko mwekundu.

Nikamgeukia mume wangu, nikamnyooshea kikombe.

"Kunywa wewe kwanza," nikasema.

Kwetu mke hamwambii mumewe maneno hayo mbele ya baba yake. Jikoni, wakiwa wawili, labda, kwa ugomvi. Lakini mbele ya mzee, ni sawa na kusimama uwanjani ukasema huyu ni mchawi. Baba alifumba macho. Mume wangu akanyoosha mkono, akapokea kikombe, akanywa mikupuo mizito, si kwa kuonja, akanirudishia. Alijifuta mdomo kwa nyuma ya mkono. Hakunitazama.

Kwa kuwa alikuwa hai, nikanywa. Mwanzo iliniuma ulimi, uchungu kama wa majani ya mti wa dawa. Halafu uchungu ukaondoka, ukaja utamu uliokaa nyuma, wa asali ya chini ya mzinga iliyochanganyika na masega ya zamani. Halafu mbao. Halafu, baada ya kumeza, joto lilishuka kifuani likatulia huko. Ilikuwa pombe. Ilikuwa pombe nzuri kuliko nilizowahi kupika, na hasira iliyonipata kwa kugundua hivyo naikumbuka hadi leo.

Nikampa baba. Alikunywa kidogo, akanywa tena.

"Hii kitu imezeeka vizuri kuliko mimi," akasema. "Mwanzo ilikuwa hivi hivi?"

"Hapana, baba. Mwanzo ilikuwa na hasira. Ilikuwa haikai mdomoni."

"Ikatulia yenyewe?"

"Ikatulia. Ukiisumbua haitulii."

Baba akacheka kidogo, akamaliza kikombe. Waliongea habari za shayiri na bei ya viazi mpaka jua likaanza kushuka, kama watu wasio na jambo. Kabla hajapanda lori kesho yake, aliniita pembeni.

"Naondoka peke yangu," alisema. "Lakini yale uliyosema umeyasema mbele yangu. Hapa kambini huwezi kuyafuta. Siku ukitaka kuyafuta, mje Ilomba wote wawili, upokee kikombe kwake kabla hajakionja, unywe mbele yangu. Mimi nitaona, itakuwa imekwisha."

Nikamwambia tutakuja baada ya mavuno.

Asubuhi ile ile, baada ya lori kuondoka, mume wangu alichota maji ya kunywa akanipa. Kabla ya kunipa, alikunywa kidogo. Nilidhani ana kiu. Jioni akanimiminia chai, akanywa kidogo, akanipa. Nilipougua kifua akaninunulia dawa ya maji mjini. Alimimina kwenye kijiko, akailamba kwanza, akanipa iliyobaki. Kila kilichotoka mkononi mwake kilipita kwanza mdomoni mwake. Hakununa, hakunisema, alinipenda kama zamani na alicheka nami kama zamani. Ila kikombe alikionja.

"Acha," nilimwambia siku moja.

"Uliniomba mbele ya mzee."

"Na sasa nakuomba uache."

"Hapa hayupo mzee," akasema, kwa upole kabisa, akaendelea kuranda ubao wake.

Upole huo ndio ulioniudhi. Angenitukana ningejua la kujibu. Nilikuwa najiuliza ananiheshimu au ananiadhibu, na ninavyojijua, nilikuwa nachagua jibu baya. Kwa hiyo mavuno yakapita na sikwenda Ilomba. Nilisema nina mimba, na ilikuwa kweli. Halafu nikasema mtoto ni mdogo, barabara ni mbaya. Moyoni nilikuwa nasema: kwa nini mimi nisafiri kwenda kumsafisha mtu aliyenificha mambo? Yeye ndiye aliyeanza na mbao zake. Shaka yangu siitubu hata leo. Niliona nilichoona. Kilichonisumbua ni kwamba nilisemea mahali pasipofaa, na kwenda kuyafuta ilikuwa sawa na kukiri.

Wakati huo Bwana aliitoa ile pombe kwenye pipa akaitia kwenye chupa, akafunga kwa nta, akazilaza tena mle chini. Mume wangu alipewa chache. Alichimba shimo chini ya kitanda chetu, akatandika mchanga, akazilaza humo. Mara moja moja, mtoto akiwa amelala na mlango umefungwa, tulifungua moja. Kila chupa ilikuwa tofauti na iliyotangulia, laini zaidi, na uchungu umerudi nyuma zaidi. Alionja, akanipa, akaniuliza: "Unasikia nini?" Mwanzo nilimjibu nasikia pombe. Baadaye nikaanza kutafuta. Nilimwambia moshi, nikamwambia ganda la mkate, siku moja nikamwambia zambarau zilizokauka, akafurahi sana. Nilikuwa nimeanza kuipenda pombe ile, na kuyapenda mazungumzo yale, na nilificha vyote viwili.

Ilibaki chupa ya mwisho. Mume wangu alitaka kuifungua Noeli. Nikamwambia hapana, hiyo ni ya baba. Tutaipeleka Ilomba mvua zikikatika, nitapokea kikombe, nitakunywa mbele yake. Nilisema huku nikikuna sufuria, bila kumwangalia. Akaenda kutengeneza kisanduku cha kuibebea, akakiwekea nyasi ndani isivunjike. Alikitengeneza vizuri kuliko kitanda cha mtoto.

Mvua zilikuwa hazijakatika alipokuja dereva wa tumbaku. Sikumwitikia hodi yake, kama kawaida yangu, mpaka nilipoitambua sauti. Hakuingia. Alisimama nje na kofia mkononi akasema baba yangu ameanguka shambani, na kwamba walikuwa wanatusubiri kuzika.

Tulikwenda. Kisanduku tulikibeba, sijui kwa nini. Kilikaa chini ya kiti cha lori safari nzima na hakuna aliyekigusa. Tulimzika baba kwenye mvua. Baada ya maziko watu walikaa uani chini ya turubai, na wanawake wakaleta pombe ya ulezi. Mume wangu alipewa kikombe anipe, kwa kuwa nilikuwa nimekaa chini siwezi kusimama. Nilimtazama usoni. Nilitaka kumwambia asifanye, pale, siku ile. Lakini aliyepaswa kuniona nikinywa alikuwa ardhini. Mume wangu akakileta kikombe mdomoni, akanywa kidogo, akaninyooshea.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa ameketi ubavuni mwangu. Aliona. Akawaambia wenzake kwamba mwanaume wa kumwonjea mke wake namna hiyo siku hizi hapatikani, na kwamba kaka yake, Mungu amrehemu, alijua kuchagua mkwe. Wanawake wakaitikia. Mume wangu alitazama chini. Nikapokea kikombe, nikanywa.